Nyongeza iliyoahirishwa: madaktari wa meno wa Ufaransa wana haki ya kulalamika, ila si kwa kila wanalolisema

Julai 2023, bima ya afya ya taifa ya Ufaransa ilitia saini mkataba wa miaka mitano na vyama viwili vya madaktari wa meno, CDF na FSDL. Kiini chake kilikuwa kinga. Ada za uchunguzi na za kutibu jino mapema zipande, ili daktari asilazimike kuitegemea faida ya mataji (vifuniko vya meno yaliyoharibika) na meno bandia kuendesha kliniki yake. Nyongeza zilipangwa kuja kwa awamu, na mojawapo ilikuwa ianze 1 Julai 2025.

Haikuanza. Tarehe 18 Juni kamati ya tahadhari, ambayo kazi yake ni kufuatilia matumizi ya bima, ilitangaza kwamba mwaka huo matumizi ya afya yalikuwa yanaelekea kuvuka lengo lililopigiwa kura bungeni kwa takriban euro bilioni 1.3. Sheria inasema jambo hilo likitokea, nyongeza za ada zinasimama. Zilizokuwa zianze Julai, zikiwemo za madaktari wa meno na za wataalamu wa tiba ya viungo, zikasogezwa hadi 1 Januari 2026. Vyama vya taaluma vikaja juu.

Serikali ina hoja nzito, na wanaoipuuza hawajaangalia hesabu. Mwaka 2024 tawi la afya la hifadhi ya jamii lilifunga na nakisi ya euro bilioni 13.8. Kamati hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na kabla ya 2025 iliwahi kutoa tahadhari mara moja tu, mwaka 2007. Hakuna waziri aliyekaa ofisini akawachagua madaktari wa meno ili awabane. Ni sheria iliyokuwepo miaka mingi kabla ya mkataba wao, nao walipotia saini waliijua. Tena fedha hizi ni michango ya watu wanaofanya kazi. Bima isiyo na breki hatimaye huwaumiza wagonjwa walewale inaowalinda.

Lakini mkataba una pande mbili, na hapa ndipo madaktari wanapokuwa na nguvu. Yale waliyokubali kuyatoa wao yalianza kwa tarehe yake. Tangu 1 Januari 2025, daktari wa meno anayetaka kufungua kliniki ndani ya mkataba wa bima katika eneo lenye madaktari wengi hawezi kuingia mpaka mwingine aondoke. Kwa taaluma iliyozoea kuchagua pa kufanyia kazi, hilo si dogo. Kabla ya hapo, mkataba wa 2018 ulikuwa umeshaweka ukomo wa bei kwenye sehemu kubwa ya mataji na meno bandia, kwa ahadi kwamba ada za tiba ya kawaida zingepanda polepole. Ukomo upo. Ahadi ndiyo iliyosubirishwa.

Wagonjwa nao wamebanwa. Kuanzia 15 Oktoba 2023 bima ya taifa ilishusha mchango wake kwenye tiba ya meno kutoka asilimia 70 hadi 60. Tofauti ikaangukia bima za ziada, na kwa asiye na bima ya ziada ikaangukia mfukoni mwake. Gharama haikupungua, ilihamishwa tu. Ndiyo maana serikali inaposema kila mtu abebe mzigo kidogo, mimi nauliza ni nani ambaye bado hajabeba.

Pale vyama vinapoegemea kipato cha wanachama wao, siko nao. Daktari wa meno Ufaransa si mtu wa kuhurumiwa, na mfanyakazi wa kima cha chini hawezi kuguswa na hoja hiyo. Hasara ya kweli iko kwingine. Aprili 2025 watoto na vijana wa miaka 3 hadi 24 walipewa haki ya uchunguzi wa meno kila mwaka bila kulipa. Haki hiyo inahitaji daktari aliye tayari kutenga muda kwa kazi yenye ada ndogo. Mjini Paris atapatikana. Mayotte, kisiwa ambacho ni mkoa wa Ufaransa, jirani na Nzuwani ya Komoro, madaktari wa meno ni wachache mno, na kila kinachopunguza mvuto wa kazi ya kinga kinawaumiza kwanza watoto wa huko.

Kosa, kwa maoni yangu, liko kwenye sheria yenyewe. Inasimamisha nyongeza bila kuuliza ni ya nini: ya kuzuia jino lisioze, au ya kulipia jino lililokwisha kuoza. Nyongeza ya namna ya kwanza ikichelewa miezi sita, bima huokoa fedha mwaka huu na kulipa taji miaka michache baadaye. Vyama vingefanya vyema kudai bungeni jambo moja mahususi, kwamba ada za kinga ziondolewe kwenye usimamishaji huo. Na kabla ya mazungumzo ya mkataba utakaofuata huu wa 2023–2028, wadai pia kwamba nyongeza ikisogezwa, wajibu ulioahidiwa kwa kubadilishana nayo usogezwe kwa muda uleule.