Mia Tano na Kumi na Mbili

Wanaocheza 2048, ule mchezo wa namba wa kwenye simu, tunajuana. Ukimwona mtu kijiweni anapeleka dole gumba kushoto, chini, kushoto, chini, na kahawa yake imepoa mbele yake, huyo ni mwenzetu, usimsemeshe. Uwanja wenyewe una vyumba 16, vinne kwa vinne. Unasukuma namba zote, kila moja na kibao chake, upande mmoja, na zinazofanana zikigongana zinakuwa moja: mbili na mbili nne, nne na nne nane, unapanda hivyo hivyo mpaka 2048. Hakuna saa inayokukimbiza, hakuna adui, bando haliliwi. Kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, aliutengeneza Machi 2014 akiwa na miaka 19, kazi ya wikiendi moja, akauachia watu bure. Sisi Ngamiani, hapa Tanga, wikiendi moja haitoshi hata kukubaliana kikao cha harusi kianze saa ngapi.

Na kwenye kikao cha harusi ndiko yaliponikuta.

Lakini kwanza nikupe siri ya mchezo, maana wengi wanasukuma ovyo halafu wanalaumu simu. Siri ni kona. Namba yako kubwa iweke kona ya chini kushoto, kaa nayo hapo. Mstari wa chini ujaze kwa cheo: mkubwa, anayemfuata, anayemfuata. Kisha cheza kushoto na chini, kushoto na chini. Kulia uende ukibanwa, na uhakikishe mstari wa chini umejaa. Juu usiguse. Kila ukisukuma inazaliwa namba mpya, mara tisa katika kumi ni mbili, nne inakuja kwa nadra. Sasa ukisukuma juu hata mara moja, mkubwa ananyanyuka, na hiyo mbili iliyozaliwa sasa hivi inaweza kwenda kukaa kwenye kiti chake kama mtoto wa jirani aliyekuta kiti cha babu kitupu. Kumtoa hapo ni shughuli.

Mimi siku ile nilishabanwa nikasukuma juu. Nilikuwa na 256 moja kona ya chini na 256 nyingine imekwama kule juu, katikati yao takataka tupu. Kikao kilikuwa uani kwa shangazi, barabara ya 14, harusi ya binti yake. Nilijichagulia mkeka nyuma ya nguzo. Mwenyekiti alikuwa mjomba, mstaafu wa relwe, miwani puani. Katibu alikuwa na kaunta buku na kalamu ya wino. Yakasomwa yatokanayo, ukajadiliwa mchele, ukajadiliwa tena mchele, na mimi nikawa nasafisha njia taratibu, nane na nane, kumi na sita na kumi na sita.

Wakafika kwenye ahadi. Kikaoni kwetu mtu hataji elfu. Ukisema hamsini, katibu anaandika elfu hamsini. Shemeji yangu, mume wa dada, ana Fuso linalobeba machungwa ya Muheza, na si mtu wa kutaja pesa kwa sauti ndogo. Akasimama kabisa. "Mia tano!" Vigelegele. Akakaa, akatengeneza kofia.

Mjomba akauliza, "Haya, nani anafuata?"

Ndipo 64 mbili zikagongana, zikawa 128, ikakuta 128 mwenzake, ikawa 256, ikateleza mpaka kwa ile ya kona, na kibao kikageuka mbele ya macho yangu. Nikajikuta nimesimama.

"Mia tano na kumi na mbili!"

Uani kimya. Nikasikia kuku akikwaruza nyuma ya banda. Kisha shangazi akaachia kigelegele ambacho nadhani kilisikika Chumbageni, akanikumbatia na mwiko wake mkononi. Mama yangu, aliyezoea kuniombea dua tu, alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mjomba, samahani," nikasema, "mimi nilikuwa..."

"Usione haya, mwanangu. Mtu anayetaja kumi na mbili juu ya mia tano, huyo amekaa kitako akapiga hesabu zake. Katibu, andika."

Mimi ni fundi baiskeli. Pancha naziba kwa elfu moja. Hesabu hiyo haikuhitaji simu: pancha 512.

Shemeji alikuwa amekwisha kuvimba. "Hizo kumi na mbili za nini? Mbona kama ananisema mimi?" Akasimama tena. "Katibu, nami nipandishe. Mia tano na kumi na mbili." Katibu akafuta, akaandika, tukawa tumekaa kwenye kaunta buku mmoja juu ya mwenzake.

Kikao kilipovunjika mjomba akaniita pembeni. "Lete hizo hesabu zako tuzione." Alidhani napiga bajeti ya pilau. Nikamwonyesha mchezo, nikamweleza kila kitu, nikiamini mtu mzima atacheka, ataita kalamu, atakata. Nusu aliitimiza. Alicheka mpaka kashata ikampalia, nikampigapiga mgongo. Akanywa maji. "Mchezo mzuri," akasema. "Ahadi iko palepale. Hebu niwekee na mimi kwenye simu."

Hapo nilijitafutia makubwa. Mjomba maisha yake ya kazi alikuwa akipanga mabehewa: hili litangulie, hili lifuate, lile lisizibe njia. Huo ndio mchezo wenyewe. Haukupita muda akanipigia simu alfajiri, tumetoka kuswali tu.

"Nimeifikisha 2048. Sasa mwisho?"

"Shikamoo mjomba. Hapana, unaweza kuendelea."

"Marahaba. Mpaka wapi?"

"Kwa hesabu, kibao kikubwa kabisa kinachowezekana ni 131,072."

Akanyamaza kidogo. "Sasa hiyo ndiyo ahadi."

Kulipa nililipa kwa mtindo ninaoumudu. Kila jioni nikifunga banda napita kwake na elfu mbili; siku baiskeli za wauza samaki zikitoboka sana, elfu nne. Yeye anatoa daftari lake mwenyewe, kwa sababu la katibu alilidharau. Nikileta mbili, anatafuta mbili ya jana, anazikata zote, anaandika nne. Nne akiipatia mwenzake, nane. Ameichora kabisa, vyumba 16, na deni langu linapanda kutoka kona ya chini kushoto. Juu hasukumi.

Jioni moja biashara ilikuwa mbaya nikaenda na elfu tatu. Nikamkuta barazani na shemeji, wanakunywa kahawa, kila mmoja na simu yake, dole gumba kushoto, chini. Nikamkabidhi. Akazihesabu, akavua miwani, akanirudishia.

"Tatu mimi nitaiunganisha na nini?"

"Mjomba, pokea mbili basi, moja nibaki nayo."

"Umekuja na tatu, una nia ya nne. Kaongeze."

Shemeji hata hakuinua macho kwenye simu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu moja, akanipa. "Hii ya kwangu," akasema, "utairudisha mbili."