"Stodge": chakula kizito au chakula cha kushindilia?

Muulize mtu yeyote anayekijua Kiingereza vizuri maana ya neno stodge, atakujibu bila kusita: chakula kizito. Nami niliridhika na jibu hilo kwa miaka mingi, mpaka siku nilipokuwa natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza. Ndani yake mzee mmoja anarudi nyumbani ameloa chapachapa, mkewe anamwambia kuna stodge jikoni, na mzee uso unamng'aa. Nikaandika "kuna chakula kizito jikoni." Nilipoisoma kwa sauti, mke akasikika kama daktari anayemwonya mgonjwa wa presha.

Tatizo la kwanza ni kwamba si kila chakula kizito ni stodge. Kilo nzima ya nyama choma inalemea tumbo, lakini Mwingereza hataiita hivyo. Biriani lililokolea samli nalo halimo. Vyakula vilivyojaa mafuta na viungo wanavitajia neno jingine. Stodge lazima iwe ya wanga: unga wa ngano, viazi, mchele, semolina. Iwe laini lakini imeshikana, isiwe na pilipili wala kiungo cha kuuchangamsha ulimi, na ikishuka ikae hukohuko. Mfano mzuri ni pudingi yao iitwayo spotted dick. Huchanganywa unga, sukari, zabibu ndogo kavu na mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe, ikapikwa kwa mvuke muda mrefu, kisha ikamwagiwa kastadi ya moto. Ukila kipande kimoja mchana, kazi ya alasiri isahau.

Neno lenyewe lilianza kama kitenzi. Katika karne ya 17 lilimaanisha kujaza kitu mpaka pomoni, na katika karne ya 19 likawa jina la tope zito na la chakula kinachofanana nalo. Lilikotoka hasa hakujulikani. Wapo wanaokisia kuwa linaiga sauti, na mimi nawaunga mkono bila ushahidi wowote zaidi ya masikio yangu: litamke, "stoj", usikie mguu unavyochomoka kwenye tope la masika.

Je, ni tusi? Wanaosema ndiyo hawana shida ya kupata ushahidi. Kivumishi chake, stodgy, kilivuka kutoka kwenye sahani tangu karne hiyohiyo ya 19, na leo hutumika kwa maandishi yasiyosomeka, ofisi isiyopenda mabadiliko, na mtu asiye na mchezo wala mcheko. Halafu kuna kumbukumbu ya shule. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 iliwalazimu wakuu wa elimu wa Uingereza kuandaa chakula cha mchana shuleni, na kizazi kwa kizazi watoto wakalishwa viazi vya kuponda, semolina na pudingi ya kastadi. Wengi walitoka hapo wameapa kutovila tena. Mpishi Jamie Oliver alipoendesha kampeni yake ya televisheni mwaka 2005 kuhusu chakula cha shule, adui wake mkubwa alikuwa nyama za kiwandani na chipsi, lakini upepo uliovuma uliukumba pia ule mlo mzima wa kujaza tumbo tu. Kanuni za shule za huko sasa haziruhusu vyakula vya kukaangwa kwenye mafuta mengi zaidi ya mara mbili kwa wiki.

Upande wa pili nao una hoja, na kwangu ni nzito zaidi. Waingereza walikula kwa mgawo kuanzia Januari 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hadi Julai 1954. Nyama, siagi na sukari vilipatikana kwa vitabu vya kuponi, na serikali ikawa inawabembeleza watu wale viazi kwa wingi. Mkate, ambao haukuwahi kuwa wa mgawo wakati wote wa vita, uliwekwa kwenye mgawo vita vilipokwisha, mwaka 1946 hadi 1948! Watanzania waliokula ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na kupanga foleni za duka miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa zaidi. Hata kabla ya hapo, nyumba za kaskazini mwa Uingereza zilikuwa na desturi ya kuandaa kwanza Yorkshire pudding, yaani mkate laini wa kuokwa wa unga, mayai na maziwa, na mchuzi, watu wapunguze njaa, ndipo nyama ifuate. Kipande kidogo kikawatosha wote. Mtu aliyelelewa hivyo akisema leo baridi hii inataka stodge, hatukani chochote. Anaita shibe kwa jina lake la nyumbani. Tusi hulisikia zaidi kwa wale ambao hawajawahi kuhofia mlo wa kesho.

Sisi tunalo neno la tabia hiyohiyo, ila hatujalitazama kwa jicho hilo. Mpishi akizidisha maji, wali ukagandamana kama uji, wageni watanong'ona kuwa umekuwa bokoboko, na hilo ni doa. Lakini nenda Unguja siku ya Idi. Bokoboko ya ngano na nyama, iliyopondwa mpaka ikavutika, ikamwagiwa samli na vitunguu vya kukaanga, ndiyo heshima ya sinia, ndugu wa karibu wa harisi ya Waomani. Ulaini uleule na mshikamano uleule: kwenye wali ni aibu ya mpishi, kwenye sinia la Idi ni ustadi wake. Tofauti ni kwamba aliyepika bokoboko ya Idi alikusudia.

Hapo ndipo ninapogombana na wageni wanaouita ugali stodge. Ugali haukusudiwi kuliwa peke yake. Kwa wengi wetu ugali ndio chakula, na vilivyobaki, uwe mlenda, dagaa au nyama, ni mboga. Ladha hukaa kwenye mboga. Kazi ya ugali ni kuibeba. Kuulaumu kwa kupooza ni kama kulilaumu sinia kwa kukosa chumvi. Hata hivyo nakubali kwamba wana pa kushikia: viazi vyao vya kuponda navyo huja na mchuzi, na bado wanaviita hivyo wenyewe, kwa mapenzi. Linalokera si neno, ni sauti ya anayelisema. Makande, kwa mfano, sina haja ya kuyatetea. Jioni ya baridi Lushoto, makande ni stodge kwa maana bora kabisa.

Kwenye tafsiri, "-zito" inatutega mara mbili. Kwa Kiswahili uzito mara nyingi ni sifa: mtu mzito ni mtu wa cheo, hotuba nzito ina mambo ndani. Anayetafsiri stodgy speech kuwa "hotuba nzito" amemsifu mtu aliyekuwa akichekwa. Hapo panatakiwa hotuba iliyodorora, au ya kuchosha tu. Upande wa chakula nako "kizito" kumechukuliwa na wahudumu wa afya: usile vyakula vizito usiku. Ndiyo maana yule mzee wangu aliyeloa alisikika kama mgonjwa.

Nilijaribu "shibe", lakini shibe ni hali ya mlaji, si kitu cha kupakua sahanini. "Chakula cha wanga" kikanirudisha zahanati. Mwishowe nikaangukia kwenye kushindilia. Gunia hushindiliwa, gobori hushindiliwa baruti, na mtu mwenye njaa hujishindilia viazi. Ni karibu kabisa na kile kitenzi cha karne ya 17, na lina kejeli kidogo bila kuondoa utamu. Mke wa yule mzee sasa anasema: "Ingia ukauke, jikoni kuna vya kushindilia."

Mhariri amenirudishia ukurasa huo na alama ya kuuliza pembeni. Nimemjibu kwamba libaki.