Hasara ya belo hubebwa na nani?

Jirani yangu wa sokoni hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alinunua belo, yaani robota la mitumba, la blauzi za kina mama, kilo 45, kwa shilingi laki saba na nusu. Lilikuwa limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda ya plastiki, gumu kama tofali. Akaikata mikanda kwa kisu cha kumenyea muhogo, nasi majirani tukasogea, maana kufunguliwa kwa belo ni tamasha lisilo na kiingilio. Zilitoka blauzi 180. Akazichambua mafungu matatu. Fungu la kwanza, blauzi 30 zisizo na doa wala mshono uliofumuka, aliziuza elfu kumi kumi. La pili, 95, elfu nne nne. La tatu, 55, zenye kola zilizochakaa na madoa ya njano kwapani, zilikwenda kwa elfu moja moja, na nyingi ziliishia kwa mafundi wa pikipiki wanaotafuta matambara ya kufutia oili.

Piga hesabu: laki saba na elfu thelathini na tano. Nauli ya mzigo kutoka Kampala bado, kodi ya meza bado.

"Belo ni kama ndoa, mwanangu," aliniambia akikunja mikanda yake. "Unamjua mtu ukishalipa mahari."

Naanza na meza yake kwa sababu mabishano ya mitumba Uganda, au mivumba kama wanavyoiita Kampala, hufanyika mbali nayo. Agosti 2023, akiwa Mbale kwenye eneo la viwanda la Sino-Uganda, Rais Museveni alitangaza kwamba nguo hizo marufuku kuingia nchini, akasema ni za marehemu: mzungu akifa, nguo zake hukusanywa na kuletwa Afrika. Chama cha wafanyabiashara wa Kampala, KACITA, kilipinga. Wachuuzi wa Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, walipinga kwa sauti kubwa zaidi. Marufuku haikufika kwenye sheria, na makontena yaliendelea kuvuka mpaka wa Malaba kutoka Kenya kama kawaida.

Hoja ya "nguo za maiti" tuiweke pembeni, haina uzito. Ila iliyo nyuma yake ina uzito, na wanaoicheka wanakosea. Mbale hiyohiyo ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, African Textile Mill. Jinja ilikuwa na Nyanza Textile tangu 1954, na wazee bado wanakumbuka shuka na khanga zilizotoka pale. Leo pamba inalimwa hukuhuku kaskazini na mashariki, inachambuliwa mbegu, kisha sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Halafu tunanunua shati lililotengenezwa kwingine na kuvaliwa na mwingine, likiwa mkono wa pili. Mchumi Garth Frazer alichapisha utafiti mwaka 2008 akakadiria kwamba mitumba ilichangia takribani asilimia 40 ya kuporomoka kwa utengenezaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Hata ukipunguza nusu ya makadirio yake, hiyo si hoja ya kupuuzwa.

Lakini hapa Uganda mitumba ilikuta mgonjwa tayari yuko kitandani. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na pamoja nao waliondoka wenye mitaji na waliojua kuendesha viwanda. Vikaja vita, vipuri vikakosekana, wakulima wa pamba wakakopwa na kutolipwa hadi wakaacha kulima. Soko lilipofunguliwa na mitumba kumiminika, kiti kilikuwa kimeshaachwa wazi. Kosa la mitumba, kama ni kosa, ni kukikalia kiti hicho kiasi kwamba mwenye nacho akitaka kurudi hana pa kukaa.

Je, mitumba ikiinuliwa kwa nguvu kwenye kiti hicho, atakaa nani? Wanaounga mkono marufuku hawapendi swali hili. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana Machi 2016 kwamba mitumba iondolewe hatua kwa hatua hadi 2019. Rwanda peke yake ilisimama imara, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya ikajitoa, Uganda na Tanzania zikalegea, na Julai 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Ndani ya Rwanda viwanda vichache vilipata nguvu, ila nafasi kubwa ya mitumba ilichukuliwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka China, na magendo yakapata kazi mipakani.

Kwa Uganda lile tishio la 2018 lilipungua makali: nchi iliondolewa AGOA tangu Januari 2024, kwa sababu ya sheria dhidi ya ushoga, isiyohusiana na nguo hata kidogo. Anayesema hatuwezi kugusa mitumba kwa kuiogopa Washington anatumia kalenda ya zamani. Lakini tishio la China liko palepale, tena limekaribia. Nguo mpya zinazoingia zimewekewa ushuru mzito wa kilo ili kulinda viwanda vya ndani, na jambo hilo lilikuwa mojawapo ya manung'uniko ya wafanyabiashara waliofunga maduka Kampala mwezi Aprili 2024. Ukiziba mlango wa mitumba na dirisha la nguo mpya kwa pamoja, mama wa kijijini wilayani Terego, jirani na Arua, atavaa nini mwaka kesho, wakati viwanda vya ndani haviwezi bado kumshonea kila mtu?

Biashara yenyewe, wakati huohuo, imebadilika sura bila kungoja uamuzi wa mtu. Zamani tulizoea kusema "nguo za msaada kutoka Ulaya". Siku hizi belo linaweza kuwa limetoka Kanada, likachambuliwa Pakistan au Falme za Kiarabu, likafungwa upya ndipo likapanda meli kuja Mombasa. China nayo, iliyokuwa ikilaumiwa kwa nguo mpya, sasa ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa mitumba Afrika. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimika tangu Januari 2025 kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine, kwa hiyo usitarajie mzigo kupungua. Ubora ndio unaopungua: blauzi iliyoshonwa ivaliwe mara tano London haiwezi kuja kuvaliwa miaka mitano Arua.

Kampala nayo imekuwa ghala la majirani. Ukikaa nusu siku kwenye maduka ya jumla kando ya Owino utasikia Kiswahili cha Bunia na Butembo, miji ya Congo, kikijadiliana bei, na Kiarabu cha Juba. Sisi wa Arua tuko katikati: belo linasafiri karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na kesho yake nusu yake iko Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Congo. Daraja la Karuma, kwenye njia yetu ya Kampala, lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024 malori yalizunguka mbali, na bei ya nauli ikaongezwa juu ya kila belo. Vijana nao wanafungua mabelo mubashara TikTok, mteja anaweka oda kabla nguo haijagusa meza. Kampala kuna hata wabunifu kama Bobby Kolade wa Buzigahill, anayeshona mitumba upya na kuirudisha ilikotoka kwa bei ya juu. Ni kazi nzuri, lakini fungu la tatu la jirani yangu haliishi kwa njia hiyo.

Ninachokiona kimekosewa zaidi ni ushuru wenyewe. Kiwango cha pamoja cha forodha ya Afrika Mashariki kwa mitumba ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, ipi iliyo kubwa. Kontena la futi 40 hubeba kama tani 25, yaani mabelo 550 hivi ya kilo 45. Kwa hiyo kima cha chini ni dola 10,000 hata kama ndani ni matambara, kisha kuna VAT na kodi nyingine. Kwa karatasi hili ni jambo zuri: ukitozwa sawa kwa koti zima na kwa koti lililochanika, utaacha kuleta yaliyochanika. Ingekuwa hivyo kama anayelipa ndiye anayefungua. Mwagizaji analipa, anaongeza kwenye bei, anauza belo likiwa limefungwa. Kodi ya yale matambara 55 ililipwa na jirani yangu, na hakujua anailipa.

Ndiyo maana sioni faida ya kupandisha ushuru huo tena huku belo likiendelea kuuzwa kama bahati nasibu. Mwagizaji hataumia, kiwanda cha Jinja hakitapata mteja mpya, na hasara itashuka hadi kwenye meza ya mwisho. Ningependa kwanza kila belo liandikwe lina vipande vingapi na gredi gani, na mnunuzi awe na haki ya kulirudisha likiwa si lile lililoandikwa. Baada ya hapo ushuru upande kidogo kidogo kwa miaka inayojulikana mapema, mapato yake yaende kwenye umeme wa viwanda na kwenye bei ya mkulima wa pamba, si kwenye hotuba.

Nilimweleza mwagizaji mmoja wa Kampala wazo hili, akacheka. Akasema belo likifunguliwa ghalani ili lihesabiwe, gredi ya kwanza haitafika Arua hata siku moja. Itabaki Kampala, nanyi mtaletewa mikanda mipya iliyofunga mabaki. Sina jibu zuri kwa hilo. Wachuuzi wa huku wanaamini linafanyika tayari, kwamba mabelo mengine yamefunguliwa njiani na kubanwa upya, na ndiyo sababu jirani yangu huchunguza mikanda kwanza kabla ya kuuliza bei.

Wiki mbili baada ya zile blauzi alirudi na belo jingine, nguo za watoto. Safari hii wamechanga wanawake watatu. Walilifungua pamoja, wakapeana zamu ya kuchagua, moja moja, hadi fungu la mwisho, na yale matambara wakayagawana sawasawa.