Nani Hutoa Ruhusa ya Kuitwa Mwandishi?

Mwaka 1964, katika mahakama ya Leningrad, Muungano wa Kisovieti, hakimu alimuuliza mshairi kijana Joseph Brodsky ni nani aliyemtambua kuwa mshairi na kumwingiza katika safu ya washairi. Akajibu kwamba hakuna, kisha naye akauliza ni nani aliyemwingiza katika safu ya wanadamu. Kosa lake lilikuwa kuishi bila kazi inayotambuliwa na dola. Hakuwa mwanachama wa chama cha waandishi, kwa hiyo mashairi yake yakahesabiwa kuwa uvivu. Alihukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu uhamishoni, akaachiwa kabla haijatimia, na mwaka 1987 akatunukiwa Nobel ya Fasihi.

Wanaoamini kwamba kila aandikaye ni mwandishi wana haki ya kukishika kisa hiki. Ila wasikibebeshe mzigo kisichouweza. Kinaonyesha kwamba jina hili haligawiwi na serikali. Hakisemi kwamba halina masharti yoyote. Brodsky alipofikishwa mbele ya hakimu alikuwa amekwisha kujifunza Kipolandi, anatafsiri ushairi, na Anna Akhmatova, mshairi mkubwa wa kizazi kilichomtangulia, alikuwa amekiona kipaji chake. Kitambulisho hakuwa nacho. Kazi alikuwa nayo.

Upande wa pili wanasema: chapisha kwanza, ndipo ujiite. Kigezo hiki ni rahisi kukipima, na ni rahisi vilevile kukivunja. Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, alipofariki mwaka 1886 aliacha mashairi yanayokaribia 1,800, na yaliyokuwa yamechapishwa hayakuzidi kumi hivi. Franz Kafka, mtunzi wa riwaya na hadithi kwa Kijerumani, alifanya kazi katika ofisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague, akachapisha kidogo, kisha akamwagiza rafiki yake Max Brod ayachome maandishi yaliyobaki. Brod hakuyachoma. Tukikifuata kigezo cha uchapishaji, Dickinson alikuja kuwa mwandishi akiwa kaburini.

Hata hivyo, hoja ya wanaodai uchapishaji kwanza ina kiini ambacho sitaki kukipuuza. Kinachowasumbua, wakisikilizwa vizuri, ni kwamba maandishi lazima yakutane na mtu asiyekupenda: mhariri anayekata aya uliyoionea fahari, msomaji anayeacha ukurasa wa tatu kwa sababu umemchosha. Asiyewahi kupita hapo anaweza kulipenda jina kuliko kazi yenyewe, na wapo wengi wa namna hiyo, wanaozungumzia kitabu chao mwaka baada ya mwaka bila kukaa mezani.

Lakini kulikwepa jina nako kuna hasara yake, na hasara hiyo hutajwa mara chache. Anayesema "mimi naandika-andika tu" akiombwa makala huona haya kutaja malipo. Akipewa mkataba hausomi, kwa kuwa anajiona amefadhiliwa. Nyumbani muda wake wa kuandika ndio wa kwanza kunyang'anywa, maana hata yeye mwenyewe hajauita kazi. Na anayechapa na kuuza hunufaika na unyenyekevu huo. Sheria, kwa kweli, ni karimu kuliko sisi wenyewe: Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, tangu uliporekebishwa Berlin mwaka 1908, unailinda kazi bila kudai usajili wala sherehe yoyote. Hauulizi umewahi kushinda tuzo gani. Unaitazama kazi na aliyeitunga, basi.

Kwa hiyo mimi nasimama karibu zaidi na upande wa kwanza, kwa sharti moja: kuandika upya. Kuandika mara moja hufanywa na kila mtu, katika barua, katika malalamiko, katika shajara. Mwandishi namtambua pale anaporudi kwenye sentensi iliyokwisha kumridhisha, akaibomoa kwa ajili ya mtu atakayeisoma bila yeye kuwa karibu ya kuifafanua. Msomaji huyo anaweza asijulikane, anaweza hata asiwe amezaliwa. Lakini kama hayumo kabisa katika fikra za anayeandika, nadhani jina bado halijafika, hata angekuwa na vitabu kumi rafuni.

Kigezo hiki kinapwaya mahali pamoja, nami sijapata namna ya kupabana. Juan Rulfo wa Meksiko alijijengea jina kwa vitabu viwili vyembamba, cha mwaka 1953 na cha 1955, akaishi miaka 30 na zaidi baada ya hapo, bila kutoa kingine cha uzito huo hadi alipofariki mwaka 1986. Wakati wote huo aliitwa mwandishi, na sioni sababu ya kumvua jina hilo. Huenda jina hili hupatikana kwa kazi ya kila siku, kisha vitabu vyenyewe, vikiwa vizuri kiasi kile, vikalishika hata mwenyewe akinyamaza.