Utafiti tendaji: swali la mwalimu au ripoti ya kabatini?

Mtoto wa darasa la tatu anapewa 52 − 27, anaandika 35. Jirani yake wa dawati kaandika 35. Wa dawati la nyuma, vilevile. Mwalimu mmoja atasema hawa hawafanyi mazoezi, awaongezee maswali 20. Mwingine atawaita sita kati yao, mmoja mmoja: "Hebu nieleze ulivyofanya." Atasikia jibu lilelile: "Saba toa mbili, tano." Mtoto ameshika kwamba namba ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa, na anaifuata kanuni yake kwa uaminifu. Maswali 20 yangemzoesha kosa tu.

Huyu wa pili ameshaanza utafiti tendaji, yaani mwalimu kuchunguza ufundishaji wake mwenyewe ili aurekebishe. Anafunga vijiti kumi kumi, anafungua fungu moja mbele ya watoto, anaandika anachokiona, baada ya wiki mbili anawapima tena, anarekebisha. Mzunguko huo aliueleza mwanasaikolojia Kurt Lewin huko Marekani mwaka 1946. Uingereza, miaka ya 1970, Lawrence Stenhouse alitetea kwamba mwalimu mwenyewe awe mtafiti wa darasa lake.

Wanaoutilia shaka wana hoja nzito. Mwalimu hapa ni mchezaji na refa. Huenda watoto wangeelewa hata bila vijiti, au wamechangamka kwa kuwa mwalimu wao kachangamka. Ni kweli, na dawa yake ya karibu ni mwalimu mwenzake atunge jaribio la pili na kulisahihisha. Bado matokeo hayatathibitisha lolote kwa nchi nzima. Lakini mwalimu hakutafuta hilo. Alitaka kujua Jumatatu aingie darasani na nini.

Hoja inayoniuma zaidi ni ya mzigo. Mwenye watoto 80 na rundo la madaftari mezani, ukimdai ripoti ya utafiti tendaji yenye sura tano, hojaji na mapitio ya maandiko ili apate cheti au apande cheo, umemsukuma kwenye kishawishi cha kunakili ripoti ya mwaka jana na kubadili jina la shule. Hapo hakuna mtoto aliyeulizwa chochote.

Wanaodai ripoti hawajakosea yote, maana kisichoandikwa huondoka na mwalimu akihamishwa. Ila ukurasa mmoja unatosha kabisa: swali langu, nilichofanya, nilichoona, nitakachobadilisha. Tanzania kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao kujadili ufundishaji. Ukurasa huo usomwe pale kwa sauti, mbele ya watu wanaowajua watoto wale kwa majina. Asiyekubaliana atauliza palepale: "Na wale ambao bado wanaandika 35, ni wangapi? Umewauliza wanafikirije?"