Selenium ndani ya Django: kivinjari kiitwe lini?

Katika kikundi chetu kidogo cha watengenezaji wa programu hapa Lubumbashi kuna ubishi ambao haujaisha tangu tulipoanza kuandika programu ya kupokea minervali, yaani ada, za shule. Upande mmoja unataka Selenium, chombo cha kuendesha kivinjari kwa msimbo, iunganishwe na Django, mfumo wa Python tunaotumia kujenga tovuti, ili kila ukurasa upimwe ndani ya kivinjari halisi kama keshia atakavyouona. Upande wa pili unajibu kwamba Django ina vifaa vyake vya majaribio, kwamba vinatosha, na kwamba kuongeza kivinjari ni kujitwika mzigo ambao tayari kuna anayeubeba. Naona pande zote mbili zina haki, ila zinabishana kuhusu chombo wakati swali lenyewe linahusu mpaka: kazi ya seva inaishia wapi, na ya kivinjari inaanzia wapi?

Selenium ilianza mwaka 2004 mikononi mwa Jason Huggins, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago, na itifaki ya WebDriver inayotumika kukiamuru kivinjari imekuwa kanuni rasmi ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2018. Django nayo iliufungua mlango wa muungano huo katika toleo la 1.4, mwaka 2012, kwa darasa (kipande cha msimbo kilichoandaliwa tayari) liitwalo LiveServerTestCase. Darasa hilo huwasha seva ya kweli pembeni ya jaribio, ikitumia hifadhidata ya majaribio, kisha Selenium hufungua kivinjari, hujaza fomu na kubonyeza vitufe. Majaribio ya kawaida ya Django hayafanyi hivyo: huuita msimbo moja kwa moja bila kupita kwenye mtandao, hupokea HTML kama maandishi tu, na JavaScript iliyomo, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari chenyewe, haitekelezwi kabisa.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ikutane na fedha. Kwetu mzazi hulipa kwa dola au kwa faranga, na ukurasa wa malipo hubadilisha kiasi papo hapo kwa JavaScript. Tuseme kiwango cha siku ni faranga 2850,5 kwa dola moja. Programu ikiwa imewekwa katika Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa, Django huandika desimali kwa mkato katika kurasa zake, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa msomaji. Lakini namba hiyo ikipachikwa ndani ya JavaScript kama kigezo cha mwisho (thamani inayopewa kanuni ya hesabu) cha kukokotoa dola 120, JavaScript haioni desimali. Inaona vigezo viwili, 2850 na 5. Cha ziada inakipuuza kimya kimya, bila kosa lolote kuonekana. Mzazi anaoneshwa faranga 342.000, seva inaandika 342.060, na jioni keshia anatafuta faranga sitini sitini ambazo hakuna aliyeziiba.

Jaribio la kawaida lingepita hapo bila wasiwasi, kwa sababu ukurasa umerudi salama na kiwango kimeandikwa ndani yake. Ni jaribio la kivinjari pekee, lililosoma jumla baada ya JavaScript kumaliza kazi yake, ambalo lingesimama na kukataa. Mwenzangu wa upande wa pili anapinga, na hoja yake si ya kubezwa: kasoro hiyo ikishajulikana hutibiwa kwa kuandika namba kupitia json_script, kifaa kilichomo ndani ya Django tangu 2018, na baada ya hapo kivinjari hakina cha kutufundisha. Ni kweli kwa kasoro hii. Lakini mwenye kuandika jaribio la kivinjari hakuhitaji kuijua habari ya mkato; alihitaji tu kujua kwamba dola 120 lazima zilete 342.060. Jambo kama hilo laweza kutokea pia kwa saa, maana seva huhesabu kwa UTC, saa rejea ya kimataifa, ilhali kivinjari cha Lubumbashi kiko mbele kwa saa mbili, na risiti ya saa sita na nusu usiku hupata tarehe mbili.

Hata hivyo, wanaotaka kila ukurasa upite kwa Selenium hawajahesabu gharama vizuri, na gharama kubwa si ile wanayoitaja. Watu husema majaribio hayo ni ya polepole, jambo ambalo kila mtu huliona siku ya kwanza. Kinachochelewa kuonekana ni kinachotendeka kwenye hifadhidata. Jaribio la kawaida hufanyika ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata ambao mwishoni hurudishwa nyuma, na data hubaki kama ilivyokuwa. Seva inayoendeshwa sambamba na jaribio haiwezi kufuata njia hiyo, kwa hiyo LiveServerTestCase husafisha majedwali baada ya kila jaribio. Kama orodha ya sarafu iliingizwa kwa migresheni (faili za Django zinazoandaa hifadhidata), itakuwepo katika jaribio la kwanza na kutoweka katika la pili, nawe utamaliza asubuhi nzima ukiilaumu Selenium kwa kosa lisilo lake. Dawa ipo, ni kuwasha serialized_rollback, mpangilio unaorudisha data hiyo, lakini nyaraka za Django zenyewe zinaonya kwamba mkusanyiko huo wa majaribio utachukua takribani mara tatu ya muda wake. Tena, anayetumia hifadhidata ndogo ya SQLite katika kumbukumbu ya kompyuta aelewe kwamba seva na jaribio hushirikiana muunganisho mmoja, na maswali yao kwa hifadhidata yakigongana jaribio laweza kuanguka leo na kupita kesho bila mtu kugusa herufi moja.

Majaribio ya namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa maoni yangu, kwa sababu timu huzoea kuyarudia mpaka yakubali. Mara nyingi chanzo chake ni subira iliyoandikwa vibaya, mtu akiamuru kivinjari kilale sekunde mbili badala ya kukiambia kisubiri jumla ionekane. Na kuhusu mega za intaneti: tangu toleo la 4.6 la 2022 Selenium yenyewe hujitafutia mtandaoni draiva, programu ndogo inayoiunganisha na kivinjari, raha kwa mwenye laini nzuri, lakini kwa sisi tunaonunua mega kwa siku ni heri kuipakua mara moja na kuihifadhi.

Kwa hiyo nimependekeza majaribio manne tu ya kivinjari katika programu yetu: kuingia, kulipa kwa dola, kulipa kwa faranga, na kufuta malipo yaliyokosewa. Mengine yote, kuanzia ruhusa za watumiaji hadi ripoti za mwezi, yabaki kwenye vifaa vya kawaida vya Django, ambavyo humaliza kazi kabla umeme haujakatika. La tano bado tunalibishania. Keshia analalamikia uchapishaji wa risiti kuliko kitu kingine chochote, lakini WebDriver hutawala ukurasa, haitawali dirisha la kuchapisha la kompyuta wala karatasi nyembamba iliyomo ndani ya printa. Hilo, kwa sasa, tunalipima kwa mkono kabla ya kila toleo jipya.