Mwacheni Wes Montgomery ale jasho lake

Juzi redio moja ya hapa mjini ilirusha kipindi cha jazz usiku, jambo ambalo siku hizi ni nadra, nikakaa kusikiliza kwa hamu. Mtangazaji akapiga Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazz wa Marekani, wa 1960 na kummwagia sifa zote. Kisha akaweka rekodi ya 1967, akaiacha ilie nusu dakika, akaikata. Akasema hapa ndipo jamaa alipouza muziki wake kwa tamaa ya pesa, na kipindi kikaendelea na mambo mengine. Mimi nilikasirika, na bado nina hasira ninapoandika haya.

Shutuma hiyo si yake. Wakosoaji wa Marekani walianza kuiandika Wes akiwa hai, na miaka yote hii tunaipokea bila hata kuuliza huyo mtu alikuwa anaishije.

Alikuwa anaishi hivi. Miaka ya 1950, kule kwao Indianapolis, Wes alikuwa na mke na nyumba iliyojaa watoto. Mwishowe walifika saba. Aliingia kiwandani saa 1 asubuhi, akatoka saa 9 alasiri. Saa 3 usiku alikuwa stejini kwenye baa, mpaka saa 8. Baa ikifungwa anabeba gitaa lake kwenda Missile Room, klabu ya wakesha hoi, na kupiga tena mpaka alfajiri. Halafu saa 1 asubuhi kiwanda kinamsubiri. Hesabuni wenyewe alilala saa ngapi. Si wiki moja wala mbili, ni miaka. Na huyo ndiye mpiga gitaa bora wa jazz aliyekuwa hai wakati ule, akiunguza mwili wake katika mji ambao kampuni za rekodi za New York hazikuwa na habari nao.

Alikuwa amekwishaonja maisha ya barabarani. Kuanzia 1948 mpaka 1950 alizunguka Marekani na bendi kubwa ya Lionel Hampton, kisha akaacha na kurudi nyumbani kwa familia yake. Anayetaka umaarufu kwa gharama yoyote hafanyi hivyo.

Lile gumba alilopigia gitaa nalo lina asili yake humo humo nyumbani. Wes alianza gitaa kwa bidii akiwa amekwishaoa, mnamo 1943, baada ya kusikia rekodi ya mpiga gitaa wa jazz Charlie Christian. Akanunua gitaa na amplifaya, akaketi na santuri, akazinakili solo za Christian noti kwa noti kwa masikio tu. Kusoma noti hakujua, na hakujifunza mpaka mwisho. Mwenyewe alisimulia kwamba kelele zilileta malalamiko, basi akaweka kando kile kiplastiki cha kupigia nyuzi na kutumia nyama ya kidole gumba ili sauti ishuke. Tafuteni picha za televisheni za safari yake ya Ulaya ya 1965 mtazame mkono wa kulia. Vidole vingine vimetulia juu ya uso wa gitaa, havina kazi. Gumba peke yake linashuka na kupanda, na sauti inatoka nene, ya joto, bila ule ukali wa plastiki. Mwenyewe anatabasamu.

Kuna kipande kimoja cha Uholanzi nakipenda kuliko vyote. Yuko na wanamuziki wenyeji, wanaandaa wimbo, na yeye anawatajia kodi, yaani noti kadhaa za kupigwa kwa pamoja, moja baada ya nyingine, taratibu, kwa upole, mpaka mpiga piano ameshika. Mtu asiyesoma noti! Kila kitu kilikuwa kichwani na vidoleni.

Mlango ulifunguka 1959. Mpiga saksafoni Cannonball Adderley alipita Indianapolis, akamsikia Missile Room, akampigia simu Orrin Keepnews wa kampuni ya rekodi ya Riverside. Mwezi Januari 1960 Wes akarekodi albamu ya The Incredible Jazz Guitar, akiwa na Tommy Flanagan kwenye piano. Alikuwa anakaribia miaka 37. Humo ndimo watu wengi walipoisikia ile njia yake ya kujenga solo: anaanza na noti mojamoja, anahamia kupiga noti ileile ya juu na ya chini kwa pamoja, mwisho anamalizia na kodi nzima nzima. Ukidhani amefika kileleni, yeye ana ghorofa nyingine.

Sifa akapata. Pesa? Riverside ilifilisika 1964.

Ndipo akaenda kampuni ya Verve kwa mtayarishaji Creed Taylor, baadaye kampuni ya A&M, na kuanza kurekodi nyimbo za kupendwa na wengi akisindikizwa na okestra. Albamu ya Goin' Out of My Head ikampa tuzo ya Grammy. Albamu ya A Day in the Life ya 1967 ikauzika kuliko alivyowahi kuuza maishani. Kwa shingo upande nakubali: rekodi kadhaa za A&M ni nyepesi. Fidla zimejaa kila mahali, Wes anaupiga wimbo wenyewe, na kabla solo haijashika moto wimbo umekwisha. Mimi pia huwa siziweki mara nyingi. Lakini Wes hakumdanganya mtu. Alisema wazi kwamba anachopiga ni muziki wa kupendwa, na kwamba upimwe hivyo. Na akitoka studio, stejini alikuwa na kaka yake Monk kwenye besi na mdogo wake Buddy kwenye piano.

Nimeliona jambo hili hata hapa kwetu. Mpiga gitaa mzuri wa dansi anahamia hoteli ya ufukweni kuwapigia watalii nyimbo zilezile kila usiku, kwa sababu hoteli inalipa kila mwisho wa mwezi na watoto wanadaiwa ada. Wanaosema amekwisha ni walewale waliokuwa wakikwepa kiingilio alipokuwa kwenye bendi. Jamani, tuwaonee huruma hawa watu.

Mwaka ninaoutaka mtangazaji auangalie ni 1965. Juni mwaka huo Wes alikuwa akipiga jazz klabu ya Half Note, New York, pamoja na Wynton Kelly kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye ngoma. Desemba mwaka huohuo akarekodi Goin' Out of My Head na okestra ya Oliver Nelson. Mtu yuleyule, gumba lilelile. Uwezo haukumtoka katikati ya miezi sita.

Alifariki 15 Juni 1968, kwa mshtuko wa moyo, nyumbani Indianapolis. Alikuwa na miaka 45, na A Day in the Life ilikuwa haijatimiza hata mwaka tangu itoke.

Kwa asiyemjua, anzieni na No Blues ya pale Half Note. Inakaribia dakika 13, na kuna mahali Wynton Kelly anaacha piano kabisa, Wes anabaki na besi na ngoma tu. Isikilizeni yote, msiikate.